Mtambo Tuliouamsha kwa Zamu

Yuko mlinzi mwenye nguvu za wanaume kumi, lakini kila akilala anasahau kazi yake, na haamki mpaka mtu amtajie. Akikosa wa kumtajia, atalala mpaka mahindi yakauke mbele ya macho yenu. Nani huyo?

Nilikitega kitendawili hicho asubuhi ya siku ya sita bila maji, na hapa Mfingire hapakuwa na wa kunipa mji. Hata mtoto wa darasa la pili angejibu. Mtambo wa ndiva.

Ndiva ni bwawa letu, la mawe na udongo, walilochimba babu zetu juu ya kijiji. Linakusanya maji ya chemchemi usiku kucha, na kukipambazuka yanafunguliwa yashuke kwa mifereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Zamani mlango wake ulikuwa gogo lililozibwa kwa matope. Siku hizi ni milango sita ya chuma, na mtambo ndio unaoifungua. Jua likizama mtambo unazimika. Jua likichomoza unawaka, lakini kichwani hauna kitu. Hapo ndipo kampuni ya Asubuhi inapoushushia akili kutoka angani, ukumbuke kwamba wewe ni mtambo, hii ni milango, na hawa ndio watu.

Si mtambo wetu peke yake. Mizani ya zahanati, kengele ya shule, mashine ya kukoboa, vyote vinaamshwa na Asubuhi. Hakuna kinachojiamsha. Na sheria ipo. Ukiamsha mashine kwa chombo chako mwenyewe, mara ya kwanza unanyang'anywa chombo na kuandikiwa onyo, mara ya pili unakaa ndani miaka miwili.

Sasa Asubuhi wana jumba kule bondeni limejaa mitambo inayochemka mchana kutwa, na walitaka maji yetu yakaipoze. Tulikutana, tukakataa, mikono yote juu. Kesho yake mtambo wa ndiva haukuamshwa. Hawakututukana wala kututisha, waliacha tu kuuamsha. Ndiva ikajaa, ikamwagikia mfereji wa ziada, na mfereji wa ziada, ndugu yangu, unateremkia bondeni.

Mahindi yalikuwa yameota ndevu. Mahindi yakikosa maji yakiwa na ndevu, unavuna magunzi. Tulikuwa na siku nne, tano tukibahatika.

*

Sengondo alinikuta barazani naosha vyombo. Huyu ndiye bwana zamu wetu, anayesimamia nani afunguliwe lini, mtu wa miaka sitini na kitu anayetembea kana kwamba njia imejengwa kwa ajili yake.

"Bibi Namkunda, ile diski yako ni uongo."

"Shikamoo umeisahau nyumbani?"

Akakohoa. "Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sasa nitukane."

Akaweka flashi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa kishindo, na diski yangu kando yake.

Hiyo diski ina habari. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini miaka thelathini nilikuwa na kibanda karibu na stendi, nachoma sidii za kwaya na za harusi, na kompyuta za watu zikigoma nazipiga upya. Kabla Asubuhi hawajaingia nchini, fundi wa maji wa kata aliniletea akili yote ya mtambo wa ndiva ikiwa faili moja kubwa, akaniambia, mama, nichomee kwenye diski. Nikachoma mbili, moja yake, moja nikatia kwenye kopo la biskuti. Mwenzangu fundi alifariki. Kopo lipo. Nilipolitaja mkutanoni, Sengondo alisema bwana zamu ndiye anayepaswa kushughulika na mtambo, akaichukua diski mkononi mwangu mbele ya watu. Nikamwachia. Mtu mzima humfundishi kwa kumvuta shati.

"Ulifanyaje?" nikamuuliza.

"Nilifanya kama inavyofanywa. Kijana wa mashine ya kukoboa ana kompyuta, tukalinakili faili, tukalibandika kwenye flashi. Kama nyimbo. Nimepanda kule juu, nimechomeka, mtambo umeniandikia kwamba hakuna cha kuamshia."

"Mtambo umesema kweli."

"Faili limo. Nimeliona kwa macho yangu."

"Sengondo, kaa." Akakaa juu ya kinu. "Tuseme mtu amebomoa nyumba yake, matofali, bati, milango, mpaka kizingiti, akavihesabu, akavifunga vyote kwenye sanduku moja. Ndilo hilo faili. Wewe umebeba sanduku, umelitua kiwanjani, umewaambia wageni karibuni ndani. Mtambo umefika, umetafuta mlango, umekuta sanduku."

Akaitazama flashi yake kama imemwibia.

"Kunakili ni kubeba sanduku," nikasema. "Kuandika ni kusimamisha nyumba. Kizingiti kikae kwenye inchi ya kwanza kabisa, maana mtambo ukiwaka unapapasa inchi ya kwanza tu. Ukikosa kizingiti unarudi kulala. Na flashi ukiiandika hivyo, chochote kilichokuwemo kinafutika. Hujengi nyumba juu ya nyumba."

"Kwa nini usiseme mkutanoni?"

"Ulikuwa umeshika kipaza sauti."

Nikafungua kopo la biskuti niirudishe diski, na chini yake zilikuwemo flashi za kazi ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Nikainua moja nyekundu.

"Hii ni harusi yako. Miaka thelathini na minne inakungoja."

"Naijua," akasema, akainuka. "Fanya unachofanya, Bibi. Lakini fanya leo."

*

Kompyuta yangu ya mapajani haina kitu tumboni. Diski yake ya ndani ilikufa zamani, na tangu hapo naiamsha kwa flashi yake ndogo. Kwa hiyo kosa hilo la miaka miwili ndani nimelitenda kila siku kwa miaka kumi na mmoja, mara nyingi nikiwa nakunywa chai. Sijawahi kukosa usingizi kwa ajili yake.

Macho ndiyo yamechoka, hivyo nilimwita Mwanahija anisomee. Mwanahija ni fundi cherehani wa mtaa wa chini. Yeye na wenzake, nyumba thelathini na nne, walipanda huku miaka sita iliyopita, bahari ilipoingia kwenye minazi yao na kukataa kutoka. Tuliwapa mashamba ya chini, mfereji ukawafikia, Asubuhi wakawaongeza kwenye orodha ya zamu.

"Shikamoo bibi. Nasikia tunaiba leo."

"Marahaba. Tunaiba chetu. Kaa hapa penye mwanga."

Kwanza unaiuliza diski kama ni nzima. Kompyuta inalisoma faili lote, toka mwanzo hadi mwisho, halafu inakutolea namba ndefu, herufi na tarakimu sitini na nne. Ukigeuza nukta moja katika faili, namba nzima inageuka. Ile namba ya siku niliyoichoma nilikuwa nimeiandika kwenye daftari kwa kalamu, chini ya hesabu za mboga. Mwanahija akasoma ya kwenye kioo, mimi nikafuata kwa kidole.

"Tisa, C, nne, nne, A, saba—"

"Simama. Mimi nina moja."

Diski ilikuwa na mkwaruzo. Nikachukua dawa ya meno, nikapaka kidogo, nikafuta kwa kitambaa cha pamba toka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Tukasoma tena, ikatofautiana tena. Nikapaka mara ya pili. Mara ya nne Mwanahija alisoma herufi zote sitini na nne bila kusimamishwa, na ya mwisho alipoitaja tulitazamana, kama watu waliosikia hodi ya mtu waliyedhani amepotea.

Nikaandika flashi ya kwanza. Programu inakuuliza mara mbili kama una uhakika, kwa sababu inafuta, nami nikasema ndiyo mara mbili. Ikaandika, ikasoma ilichoandika, ikalinganisha, ikanyamaza. Kisha, kabla ya kuipeleka juu, nikaijaribu hapo hapo. Nikaizima kompyuta, nikachomeka flashi mpya, nikashika kitufe cha kuchagua mlango wa kuamkia.

Kioo kikageuka bluu. Ofisi ya Maji ya Kata. Karibu. Zamu za nyumba sitini na moja.

Mwanahija akasogea. Akapitisha kidole kwenye kioo, jina baada ya jina, kama anavyopitisha kwenye pindo akitafuta sindano. Alipofika chini akarudi juu, akashuka tena.

"Bibi. Sisi hatumo."

Nilijua kabla hajasema. Nilijua tangu niliposoma ile sitini na moja, na niliona haya kwamba sikuwa nimewaza mapema. Faili la namna hii ni picha ya siku moja. Kila kilichokuwepo siku ile kimo, hata vumbi lake, na kilichokuja baadaye hakimo.

"Siku ya picha hii mlikuwa bado kwenu," nikamwambia.

"Si utuandike sasa. Majina thelathini na manne, utamaliza chai haijapoa."

"Mtambo una kufuli la kizamani. Asubuhi waliubadilisha akili, kufuli hawakuligusa. Linakubali muhuri wa ofisi ile ya kata, na muhuri ni ile namba uliyonisomea. Nikiongeza hata herufi moja, namba inageuka, kufuli linakataa. Ofisi ilishafungwa. Hakuna aliye hai wa kupiga muhuri mwingine."

Alikaa akitazama mikono yake.

"Kwa hiyo nimekusomea mara nne ili nikose maji," akasema, akacheka kidogo. Angenitukana ingeniuma kidogo tu. Kile kicheko kilizama.

"Ungekuwa wewe, ungeuamsha?"

"Usiniulize mimi, bibi. Mimi nina watoto wanne upande mmoja wa swali."

*

Asubuhi ya siku ya saba Sengondo alipiga pembe ya msaragambo. Ikipigwa pembe ile, kila nyumba inatoa mtu na jembe, huulizi kuna nini, unafika kwanza. Tulikusanyika juu ya ukingo wa ndiva. Maji yalikuwa yamejaa pomoni, mazuri, yanatucheka, yakimwagikia upande wa bondeni.

Nikawaeleza yote. Nikawaambia nyumba sitini na moja zimo, thelathini na nne hazimo. Watu wa mtaa wa chini walikuwa wamesimama pamoja, Mwanahija mbele, majembe mabegani kama wengine.

Sengondo akasema bila kutafuta maneno. "Inauma, lakini sitini na moja wakila ni bora kuliko wote kulala njaa. Tuamshe. Hawa wenzetu tutawasaidia kwa unga mavuno yakifika."

"Msaada wa unga," Mwanahija akasema. "Kwenye shamba langu mwenyewe."

"Sikuiandika mimi orodha, mama."

"Hakuna aliyeiandika leo. Ndiyo uzuri wake, hakuna wa kulaumiwa."

Nikainua mkono. "Mtambo unajua majina. Mifereji hauijui. Ukisema zamu ya Namkunda, unafungua mlango, basi, umemaliza. Maji yakishatoka yanafuata jembe. Nyumba thelathini na nne kati yetu zikikata, kila moja, tawi la mfereji kwenda kwa nyumba moja ya mtaa wa chini, zikagawana zamu nusu kwa nusu, kila mtu amekunywa. Ishirini na saba watakaobaki wachimbe mfereji wa kuunganisha matawi hayo na mifereji ya chini. Ni kazi ya siku mbili."

"Nusu zamu," mtu mmoja akaguna nyuma. "Nusu zamu ni nusu gunia."

"Ni nusu gunia kwa kila mmoja, ndiyo. Na mimi mkono wangu hauamshi mtambo mpaka mifereji ikatwe."

Hapo Sengondo akanigeukia, na hakuwa na hasira. Ingekuwa heri angekuwa nayo.

"Bibi, nikuulize. Asubuhi wameshika ufunguo wa maji yetu, wanatupa masharti. Nawe umeshika ufunguo wa maji yetu, unatupa masharti. Tofauti yenu ni ipi, kwamba wewe ni jirani uliyetuuguzia watoto?"

Nimetega vitendawili maisha yangu yote, na mara chache nimeshikwa na kimoja namna ile. Nilitafuta jibu nikakuta alikuwa na haki. Nilikuwa nimeanza kuipenda ile nafasi, ya mtu anayengojwa.

Nikatoa kopo la biskuti kwenye kikapu, diski ndani, daftari la namba juu yake, na ile flashi niliyoiandika. Nikaviweka kwenye jiwe la ukingo.

"Umesema kweli. Hivi hapa. Kompyuta iko barazani, mlango uko wazi, namna ya kuandika umeshaisikia. Anayetaka kuamsha sasa hivi aamshe, hata wewe, sitamzuia wala sitamlaani. Nilichokataa ni mkono wangu tu, na huo ni wangu."

Kisha nikachukua jembe. Jina la kwanza kwenye orodha ya mtambo ni Elieneza Mbwambo, marehemu mume wangu, kwa kuwa siku ya picha ile yeye ndiye alikuwa mwenyekiti. Zamu ya kwanza ya ndiva ni ya shamba langu. Nikashuka mpaka mfereji wangu, nikaanza kukata tawi kuelekea kwa Mwanahija. Nina miaka sabini na minne. Jembe liliingia ardhini kama kijiko kwenye ugali wa jana.

Nilikata hatua nne peke yangu. Hatua ya tano nilisikia jembe jingine nyuma yangu. Sikugeuka, maana ningegeuka ningelia, na mtu anayelia hachimbi vizuri. Adhuhuri zilikuwa sauti nyingi mno za kuhesabu. Mtu mmoja alikuwa akimtania mwenzake wa mtaa wa chini kwamba watu wa pwani wanashika jembe kama wanakuna nazi, naye akajibiwa kwamba watu wa milimani wanachimba mfereji uliopinda kama mazungumzo yao.

Sengondo hakuwepo. Wala lile kopo jiweni.

Siku iliyofuata, mifereji yote ikiwa imekatwa ila mmoja tu, ule wa kutoka shamba lake yeye, akaja akiteremka polepole. Mkono mmoja flashi nyekundu. Mkono mwingine jembe.

"Nimeandika," akasema. "Mara tatu nilikosea. Ya nne namba zimelingana zote."

"Ile niliyokuachia si ilikuwa tayari? Ungeichomeka tu jana."

"Nilipanda nayo. Nilifika mpaka mlangoni." Akatazama chini mitaroni, watu wakichimba. "Kutoka kule juu mnaonekana wote. Nikashuka. Nikasema kama ni kuamsha, niandike mwenyewe, nijue ninachofanya. Flashi tupu sikuipata."

"Umefuta harusi."

"Niliitazama yote kwanza. Mke wangu alikuja tukaitazama pamoja. Nilikuwa mwembamba."

"Naye amesemaje?"

"Yeye?" Akainua jembe. "Ndiye aliyenipa hili."

Akavuka mtaro, akaenda kwenye mfereji wake, akaanza kukata.

*

Siku ya tisa jua likichomoza nilichomeka ile flashi yangu, ambayo Sengondo alinirudishia pamoja na kopo, kwenye mtambo kwa mkono wangu mwenyewe. Kioo kikageuka bluu. Sauti ya zamani, ya kike, yenye makwaruzo, ikasema, "Zamu ya kwanza. Elieneza Mbwambo." Miaka kumi na miwili hakuna aliyemwita mume wangu kazini. Mlango wa chuma ukapanda, maji yakatoka kwa vurugu, yakashuka kwenye mfereji wetu, yakafika penye tawi jipya, yakasita kidogo, yakagawanyika.

Saa nne afisa wa Asubuhi alifika, kijana nadhifu, viatu vimejaa matope mapya, kifuani pameandikwa Lukindo. Alinikuta nimekaa kando ya mtambo na chupa ya chai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umepanda mlima bila kunywa kitu."

"Nani ameuamsha huu mtambo?"

"Mimi."

Hakutegemea jibu jepesi hivyo. Akanieleza sheria, pole pole, kama watu wanavyowaeleza wazee. Nikamsikiliza mpaka mwisho.

"Mtambo huu ni wa nani?" nikamuuliza.

"Wa kijiji. Siugusi. Ila chombo cha kuamshia nakichukua, na bibi unapata onyo la kwanza. Samahani, bibi, lakini ukirudia ni miaka miwili, na mimi sitakuwa na la kufanya."

"Chukua."

Akaichomoa flashi, akasimama akisubiri maji yakatike. Maji hayakukatika. Ukashuka mlango wa kwanza, ukapanda wa pili, sauti ikataja jina jingine.

"Akili imeshaingia kichwani," nikamwambia. "Flashi ni ya kuamshia tu, kama wewe ulivyoamshwa na mama yako leo. Akitoka chumbani, wewe hulali tena. Mtambo utazimika jioni jua likizama."

"Basi kesho hautaamka."

"Tutaona kesho. Niandikie onyo langu vizuri, jina ni Namkunda, na N kubwa."

Akaandika kwenye kitabu chake cha stakabadhi, akachana nakala, akanipa kwa mikono miwili. Kijana mwenye adabu. Nikamjazia kikombe.

Kesho yake aliwahi. Nadhani alilala njiani, shati lake lilionyesha. Jua lilikuwa linachungulia, na alitukuta tumekaa ukingoni, si mimi peke yangu, ni watu wa nyumba zote. Kila nyumba ilikuwa imeleta flashi yake kutoka kwenye droo, yenye picha za kipaimara, kaswida, mtoto akijifunza kutembea, na kwa siku mbili baraza langu lilikuwa limegeuka kibanda tena. Tulizifuta na kuziandika, kila mtu akamsomea jirani yake namba mpaka herufi ya mwisho. Orodha ya zamu mpya Sengondo aliiandika mwenyewe kwenye ubao, na hii si ya maji, ni ya kuamsha. Kila mtu siku yake. Kila mtu kosa lake la kwanza.

"Leo ni nani?" Sengondo akasoma ubao kwa sauti yake ya kipaza sauti. "Mtaa wa chini. Mwanahija Shomari."

Mwanahija akainuka, akakung'uta kanga, akapita mbele ya afisa. "Samahani kaka, nipishe." Akachomeka. Kioo kikageuka bluu, majina sitini na moja yakajipanga, na la kwake halikuwemo. Mtambo haukumfahamu hata kidogo. Ukamtii.

"Zamu ya kwanza," ikasema ile sauti, na maji yakatoka.

Lukindo alitazama maji, akatutazama sisi, akatazama flashi zilizokuwa mikononi, shingoni kwa kamba, kwenye pindo za kanga. Mwanahija alikuwa ameshaichomoa ya kwake, akamnyooshea pamoja na jina lake kamili. Kijana akakifungua kitabu cha stakabadhi, akakipima unene kwa kidole gumba.

"Mjukuu wangu," nikamwita, "kitabu chako kina kurasa ngapi?"

"Hamsini, bibi."

"Sisi ni tisini na tano."

Akakaa kwenye jiwe, pale nilipokuwa nimeweka kopo, akaanza kuandika ukurasa wa pili.